Kisima cha Watu Watano

Siku ambayo mzee wa Kipsing aliniomba nimsomee daftari langu mwenyewe, mbele ya mwalimu wangu na mbele ya watu wake, bado ninaikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka masikio yanapata moto hadi leo. Nitakusimulia. Lakini kwanza niache nikasirike kidogo, maana nimekasirika kweli.

Mezani kwangu hapa Isiolo kuna tasnifu tano. Vijana wa mji huu wamegundua kwamba Mwalimu Zuhura amestaafu, ana miwani na ana muda, basi kila anayesoma chuo ananiletea karatasi zake nizipitie. Sikatai. Lakini mnaleta nini? Huyu wa biashara ameandika juu ya soko letu la mifugo. Kwao ni hapo nyuma ya soko, ng'ombe wakilia anawasikia akiwa kitandani. Nikamuuliza ni wauzaji gani aliowahoji. Akanijibu bila haya, "Mwalimu, hao niliwatoa kwa kompyuta, ni faster." Amewatoa kwa kompyuta! Wauza ng'ombe mia mbili, wote wamejibu kwa adabu, hakuna hata mmoja aliyemwambia atoke hapo anamfukuzia wateja. Hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba hajawahi kufika sokoni.

Wa fizikia anapima joto chini ya mabati ya nyumba za Burat, na vipimo vyote amevitoa kwenye simu. Wa uhandisi ameeleza uimara wa matofali ambayo bado hayajafyatuliwa. Wa kompyuta amebuni programu ya kutabiri bei ya mbuzi, na nikimpa mbuzi amshike hajui aanzie wapi. Na wewe wa ufundishaji wa lugha ndiye uliyenimaliza. Walimu thelathini uliowahoji wanalalamika mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule, kama watoto wanaokariri shairi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyinyi mnataka cha mvunguni kitoke chenyewe kije mezani.

Mnanichosha, wanangu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba siwezi kujifanya siwajui. Ninawajua vizuri sana, kwa sababu nilikuwa kama nyinyi.

Nilikuwa msichana wa mwaka wa pili chuoni, nasomea uhandisi wa maji. Kwetu ni watu wa malori. Babu yangu alikuja huku akiwa askari wa Mwingereza, na baba, badala ya bunduki, akashika usukani. Mhadhiri wangu mmoja, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa akifanya utafiti wa visima vya mchangani kule Kipsing. Mto wa huko ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini maji yapo chini ya mchanga, na wenyeji huyachimbia. Kulikuwa na wafadhili waliotaka kuweka pampu ya mashine. Mhadhiri akasema la, kwanza tujue kiangazi kikikolea maji hushuka kiasi gani. Akanipa kamba yenye alama za mita, chuma cha kufunga mwishoni, na daftari. Kila wiki mbili nipande lori la mjomba wangu Hassan, nifike, nipime, niandike, nirudi. Kazi yote ilikuwa hiyo tu, kwa mwaka mmoja.

Kisima nilichopewa kilikuwa cha Mzee Loibor, Msamburu mrefu aliyekirithi kwa baba yake. Huko, mwanangu, maji ya kisima kirefu hayavutwi kwa kamba. Wanaume hushuka ndani, kila mmoja akasimama kwenye kipandio chake juu ya mwenzake, na ndoo hupanda mkono kwa mkono mpaka kwenye hori la mifugo, huku wakiimba. Kwa hiyo wenyewe huhesabu kina cha kisima kwa watu. Maji yakiwa karibu, husema ni kisima cha watu wawili. Yakishuka, huwa cha watu watatu, na kuendelea.

Siku ya kwanza Mzee Loibor alinitazama nikiteremsha kamba, akatikisa kichwa.

"Wewe unapima na kamba," akasema. "Sisi tunapima na watu. Leo hii kisima iko watu mbili. Andika."

"Mzee, watu hawalingani urefu," nikamwambia, na nikacheka kidogo. Nilikuwa nimesoma, unaona.

"Kamba yako inachoka?"

"Hapana."

"Mtu ya chini anachoka. Ndiyo maana yeye anajua maji imeenda wapi."

Sikuandika. Niliona ni maneno ya mzee tu. Niliandika mita zangu, nikapanda lori, nikarudi mjini na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilikwenda hivyo miezi mitatu, sitajinyima sifa hiyo. Kisha binamu yangu akaolewa. Kulikuwa na hina, kulikuwa na nguo za kushona, na nani angeacha hayo akakae kwenye lori saa nyingi kwa ajili ya shimo la maji? Wiki hiyo sikwenda. Nikakaa chumbani, nikatazama vipimo vya nyuma, nikabuni kipimo kimoja. Nilikifuta mara mbili kabla ya kukiacha. Wiki mbili baadaye nikabuni cha pili, na hicho sikukifuta. Ikaja Ramadhani, nikasema safari na saumu haviendi pamoja. Ramadhani ikaisha, na mimi nikawa nimeshazoea. Nilikuwa hodari, mwanangu! Sikuandika namba zinazofanana, hapana, niliongeza kidogo hapa, nikapunguza kidogo pale, ili zionekane zimetoka kisimani. Mhadhiri akaniita mbele ya wenzangu, akasema data ya Zuhura ni safi. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo inanikera mpaka leo, maana ningekuwa mvivu tu, labda ningejisamehe. Ukweli ulikuwa unaletwa mpaka mlangoni kwetu. Mjomba Hassan aliendelea kupeleka bidhaa Kipsing, na kila akirudi alikuwa na ujumbe.

"Zuhura, mzee wako anakusalimia. Anasema uandike, sasa ni watu watatu."

Safari nyingine, "Anasema ni watu wanne. Anauliza kama unaumwa."

Na kiangazi kilipokuwa kikali, "Anasema ni watano. Amesema nisisahau kukwambia. Watano. Kwani wewe huendi tena?"

"Kuna mwenzangu anapima sasa, mjomba," nikamwambia. Uongo huo nao ulitoka bila jasho.

Watu watano! Hizo ni kama mita nane. Daftari langu lilikuwa linasema mita tatu na nusu. Ningeandika alichosema mzee, ningelazimika kufuta kurasa zote nilizobuni na kueleza kwa nini. Nikachagua kutomsikia. Mzee asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa akifanya utafiti wangu kwa niaba yangu, kwa uaminifu, bila kuajiriwa na mtu, na mimi msomi nilikuwa nikiutupa.

Ripoti ikatoka. Ikasema kisima cha Mzee Loibor hakishuki chini ya mita nne hata kiangazi. Mafundi wakaja, wakateremsha bomba la pampu mpaka mita sita, wakaona wameacha nafasi ya kutosha. Wafadhili wakasema pia kwamba visima vya mkono ni hatari kwa watoto na kwa mifugo, na kwa kuwa pampu ipo, vifukiwe. Wazee wengine walikataa kwanza. Mzee Loibor ndiye aliyewashawishi. Alisema yule msichana wa Isiolo amepima, na kitabu chake kimesema maji yapo. Akawa wa kwanza kufukia kisima cha baba yake.

Mvua zilipokuwapo pampu ilifanya kazi, na watu wakashangilia. Kiangazi kilichofuata maji yakashuka mahali yalikozoea kushuka, chini kabisa ya bomba. Pampu ikavuta mchanga, mashine ikaungua. Ng'ombe wakasimama kwenye hori kavu. Mhadhiri aliposikia alipanda gari siku hiyohiyo, akanichukua na daftari langu, akiamini kabisa kwamba mafundi ndio walioharibu. Njiani tulipita mizoga. Ni ng'ombe wangapi wa Mzee Loibor waliokufa sijui, na wala sikuuliza, maana mfugaji hamhesabii mgeni mifugo yake. Lakini nilijua walikuwa wake, kwa alama ya masikio.

Tulimkuta amesimama kando ya pampu. Akatusalimu vizuri. Kisha akaniambia, "Soma hiyo kitabu. Ile mwezi ya jua kali. Soma, watu wasikie."

Nikasoma. Mita tatu na nusu. Mita tatu na robo tatu.

"Hiyo ni watu ngapi?" akamuuliza mhadhiri.

Mhadhiri akapiga hesabu. "Wawili, mzee. Zaidi kidogo."

Mzee Loibor akanigeukia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ile mwezi tulikuwa tano ndani. Ile ya chini ilikuwa mimi. Kila siku nilikuwa natazama juu, naona mbingu kidogo kama sahani, nasema leo msichana atakuja. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilitamani uongo mmoja tu uje, mwanangu, mimi niliyekuwa nao tele. Haukuja hata mmoja.

"Nilikuwa Isiolo," nikasema. "Tulikuwa na harusi. Halafu nikaacha tu kuja. Hizi namba nilizitunga."

Mhadhiri akavua miwani yake na kutazama pembeni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini usidhani anayefika mwisho wake ni mwongo peke yake.

"Mimi sijui kusoma," akasema Mzee Loibor. "Niliona maji na macho yangu, nikashika mchanga na mkono yangu. Lakini nikasema, kitabu inajua kuliko mimi. Nikafunika kisima ya baba yangu kwa sababu ya kitabu yako."

Hakuna viboko nilivyowahi kupigwa vilivyoniuma kama maneno hayo. Mhadhiri aliifuta ripoti yake na kuwaandikia wafadhili kwamba kosa lilikuwa lake, kwa sababu hakwenda kuhakikisha. Chuo kikanisimamisha mwaka mzima, na niliporudi nikahamia ualimu. Lakini siku ile, nilipotaka kuingia garini nikajifiche, Mzee Loibor alinizuia.

"Wewe usiende. Tunafungua hii kisima. Utakaa uandike."

Nikakaa siku tisa nyumbani kwa mke wake, ambaye alinipa chakula na hakunipa neno hata moja. Vijana walikuwa wamehama na mifugo iliyobaki, kwa hiyo waliochimba walikuwa wazee na wanaume wachache tu. Kila walipoongeza mtu kwenye mstari, niliandika. Wawili, mchanga mkavu. Watatu, mchanga mkavu. Siku ya nne ukingo ukaporomoka, wakaanza upya, nikaandika hivyo pia. Walipofika watano na maji hayapo, nilimtazama Mzee Loibor akiwa juu amechafuka mpaka nywele, nikatamani kuandika na kumsomea kwamba unyevu umeanza. Nilitaka afurahi, mwanangu. Nikaandika mkavu.

Siku ya tisa alishuka mwenyewe kuwa wa sita. Tukangoja. Ndoo ikapanda mkono kwa mkono, ikafika juu ikiwa na tope na maji kidogo, kama kikombe kimoja.

"Umeandika?" akaita kutoka chini.

"Nimeandika."

"Soma."

"Watu sita," nikasoma kwa sauti. "Tope. Maji kikombe kimoja."

Ndoo ikarudishwa chini. Kisha sauti yake ikapanda. "Hiyo ni kweli. Lakini ng'ombe yangu haitarudi."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Nilijua kwamba ningekuja na kuandika watu watano kwa wakati wake, bomba lingeshushwa zaidi au kisima kisingefukiwa, na wale ng'ombe wangekuwa hai. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka amezeeka pamoja nami.

Basi sikia nasaha, mwanangu, na nyinyi wenzake. Nenda. Iwe unasomea biashara, fizikia, uhandisi, kompyuta au lugha, nenda mahali jambo lilipo. Ukifika ukakuta mtu anayelijua kwa jasho lake, kaa chini umsikilize, hata kama hajui jina la unachosomea, na alichokwambia kiandike kando ya kipimo chako. Ukishindwa kwenda, andika kwamba hukwenda. Ukurasa mtupu haujamuua ng'ombe wa mtu. Na usiniambie ni tasnifu tu, nani ataisoma, inakwenda kukaa kabatini. Hata daftari langu nililiona hivyo. Hujui ni nani atakayelinyanyua siku moja akaamua juu yake bei, barabara, dawa au darasa la mtoto. Sitasahihisha hata sentensi moja ya karatasi hizi tano. Njooni mzichukue, na mkirudi mrudi na vumbi.

Mungu akupe miguu isiyochoka na jicho lisiloona haya kuona lililopo. Akunyime sifa ya kazi usiyoifanya. Akujalie wazee wa kukukemea mapema, ukiwa bado na nafasi ya kufuta. Na yule asiyejua kusoma, ambaye ataacha alichokiona kwa macho yake akashika ulichoandika wewe, Mungu asimfanye ajute kukuamini. Amin.