Nilimwomba mzee wa Kipolandi binti yake, akaniambia "no"

Wakuu, salamu kutoka Birmingham. Hii siongezi chumvi. Wife nimemsomea kabla ya kupost na ameipitisha.

Mimi ni mtu wa Nakuru, natengeneza madirisha kwa workshop moja hapa Saltley. Kasia ni Mpolandi. Tulidate vizuri hadi tukaamua kuoana, nami nikasema kwetu mtu haoi bila kuongea na mzee wa msichana.

Tukaenda kwa babake, mtaa wa Castle Vale. Mpole, mkubwa kama mlango, Kiingereza chake cha kuungaunga. Baada ya supu Kasia akaenda jikoni kuosha vyombo. Nikajikaza.

"Mzee, nampenda Kasia. Naomba unikubalie nimuoe."

Akanitazama. "No," akasema.

Nikamweleza nina kazi, sinywi, nitamtunza.

"No, no," akasema polepole. "No, no, no."

Wakuu, hata hakimu hukataa mara moja. Nikamshukuru kwa supu, nikachukua jacket, nikatoka.

Nilifika stage ya basi machozi yakiwa karibu, ndipo nikaona miguuni niko na slippers za manyoya. Kwao mgeni huvua viatu mlangoni akapewa hizo.

Nikarudi.

Kasia akafungua mlango. "Ulienda wapi? Baba anasema amekukubalia."

"Amesema no mpaka amechoka."

Alicheka hadi akakaa kwa ngazi. Kumbe "no" ya Kipolandi ni kama "ehe" yetu, ya kumwitikia mtu ama kukubaliana naye. Haina undugu na ya Kiingereza. Wakikataa husema "nie". Hata jirani zao Wacheki wana "no" ya kukubali, ila yao wameikata kutoka "ano", yaani ndiyo.

Mzee akatokea nyuma yake ameshika viatu vyangu.

"Umerudia Kasia ama umerudia hivi?"

"Kasia," nikasema.

"No," akasema.

Nikamwangalia Kasia anieleze kama nimepita ama nimeanguka.

"Hiyo ni ya Kiingereza," akasema. "Anajua umerudia viatu."

Tulioana, tuko sawa. Nilichojifunza: ukisikia neno fupi ugenini, uliza ni la nchi gani kabla ya kushika njia. Na hata kama ni la kukataa kweli, keti kidogo. Mpaka leo mzee huniuliza mbona niliachilia binti yake haraka hivyo.

Wenye wakwe Wagiriki mje hapa. Nasikia kwao "ne" maana yake ni ndiyo. Nyinyi mlipona aje?