Fulana Aliyovikwa Baba

Tulipofika kijiji cha Mute, mama alikuwa si mtu wa maneno tena. Tulikuwa tumekimbia vita kwetu Mucojo, tukakaa kwa jamaa katika mji wa Pemba, hapa hapa Msumbiji, na huko Pemba baba akaugua, akafa, akazikwa mbali na watu wake. Ndipo dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mute, akatuita. Mumewe akatumegea uwanja karibu na barabara kuu, tukajenga nyumba ya udongo yenye baraza. Mimi nikaanza kusuka nywele pale barazani, maana ndiyo kazi niliyoijua. Mama alikaa mkekani nyuma yangu, ananishikia chanuo na rasta. Akiwa hana cha kunishikia, anatazama barabara.

Kwenye telemóvel yangu, simu ya mkononi, kulikuwa na mchezo niliouingiza tangu Pemba. Unaumba watu, unawajengea nyumba, unawalisha, unawalaza, unawapeleka kazini. Ni mchezo wa kuishi tu, hakuna kushinda wala kushindwa. Siku moja nilikuwa na kichwa cha mteja mapajani, mikono imejaa mafuta, simu ikaanza kulia.

"Mama, hebu mguse huyo mtu, njaa inamuuma."

"Nani njaa inamuuma?"

"Huyo hapo kwenye simu. Mguse, halafu gusa sufuria."

Mama akagusa. Yule mtu akaenda jikoni, akapakua, akala amesimama. Mama akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, lakini mimi na mteja wangu sote tulikisikia.

Tangu siku hiyo simu ikawa yake mchana kutwa. Mchezo ulikuwa wa Kireno na mama hasomi, lakini picha alizielewa upesi kuliko mimi. Akabomoa nyumba niliyokuwa nimejenga, akajenga nyingine: baraza mbele, jiko uani, chumba cha wageni upande ule ambao kwetu Mucojo ulikuwa wa msikiti. Sikuhitaji kuambiwa ni nyumba gani. Akaumba mwanamke, akamvika gauni refu na kitambaa kichwani kwa sababu vitenge vyetu vya kapulana havikuwemo. Kisha akakaa muda mrefu akimuumba mwanamume. Alimbadilisha pua, akamrudisha, akampunguza nywele mpaka akabaki na upara, akamtia mvi kwenye masharubu. Alipomaliza alinionyesha.

"Hapigi chafya," alisema, "lakini ndiye."

Baba alikuwa fundi cherehani, vumbi la vitambaa lilimpigisha chafya maisha yake yote. Nilirudi kusuka.

Matangazo yalikuwepo tangu mwanzo, ila machache. Mchezo ulipojibadilisha wenyewe, yakawa mengi. Mama akifungua mlango wa jikoni, tangazo. Akiwaketisha wale wawili barazani ili wazungumze, tangazo, tena lenye ngoma za kupasua masikio, na mara nyingine wakati adhana inatoka msikitini. Kulikuwa na kialama cha kufungia, misumari miwili imepishana. Mama alikiita kijimkasi. Alikitafuta kwa kidole pembe zote za kioo, na akikipata, mara nyingi kilikuwa cha uongo. Anakigusa afunge, kinampeleka kwenye duka la michezo. Ilifika mahali simu yangu imejaa michezo ambayo hakuna aliyeiomba.

"Watu gani hawa, wanaingia bila hodi?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyojilipa, mama. Mchezo ni wa bure."

"Basi wangoje kwanza tumalize kusalimiana."

Nilijaribu kuzima mtandao. Matangazo yakakoma, mama akafurahi, ila baada ya muda mchezo ukakataa kufunguka mpaka upate megas za intaneti. Kulikuwa na njia ya kulipia ili yaondoke kabisa, lakini ilitaka kadi ya benki, na kwetu hakuna mwenye nayo. Tukaendelea kuvumilia.

Kisha likaja lile la fulana. Baba wa kwenye mchezo alitoka kazini, kama anavyotoka kila siku, lakini safari hii alikuwa amevaa fulana nyekundu yenye jina la soda kifuani. Mama akamfungulia kabati ambadilishe. Fulana haikuvulika. Akamwogesha, akatoka bafuni na fulana. Akamlaza, akalala nayo. Nilipoisoma habari yake, niliona ni zawadi ya wenye soda, itakaa hapo mpaka wao wenyewe waiondoe.

Mama akaweka simu chini. Aliiweka taratibu, kioo kikitazama mkeka. Mchana ule hakuigusa tena, na jioni alikula kidogo sana.

Asubuhi akaniambia, "Waandikie."

"Akina nani?"

"Wenye mchezo. Si wana mahali pa kuandikiwa?"

Palikuwepo, pale watu wanapotolea maoni. Nikakaa naye, yeye anasema, mimi nageuza kwa Kireno.

"Kwanza waamkie," alisema. "Waambie sisi hatujambo, tunaomba nao wawe hawajambo. Halafu waambie, huyo mliyemvika fulana ni mume wangu. Ni fundi. Hajapata kuvaa nguo asiyoikata mwenyewe. Hata fulana za kampeni zilizogawiwa bure, alifutia mafuta ya cherehani. Tunaomba mumvue. Hayo mengine tutastahimili."

Niliandika yote, na salamu pia. Jibu lilikuja upesi mno, hata sikuamini kama kuna mtu aliyesoma.

"Wanasemaje?"

"Wanashukuru kwa maoni yetu. Wanaomba tuwape nyota."

"Nyota za nini?"

Nikamwonyesha zile nyota za kusifia mchezo, chini ya jibu. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyejibiwa vibaya.

Nikaanza kupekua mchezo mwenyewe, kila nikipumzika. Kwenye duka la ndani, kati ya makochi na mabafu ya kizungu, nikaona cherehani. Ukiwa nayo, watu wako wanajishonea nguo, na nguo waliyojishonea inakaa juu ya nyingine yoyote. Lakini ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake ulikuwa kutazama matangazo, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja.

"Ni mengi mno, mama," nilimwambia. "Mtandao ukikatika katikati, tunaanza upya."

"Kwani tuna safari ya kwenda wapi?"

Tulichagua siku ambayo mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa ninamsuka jirani yetu, Mmakonde wa kutoka nyanda za juu za Mueda, Mkristo, mama wa makamo kama mama yangu. Alitaka rasta nyembamba, kazi ya kutwa. Tukaiegemeza simu kwenye kigoda, sote watatu tukaitazama.

Alipita mwanamume anakimbia na chupa ya manukato. Akapita mwanamke ambaye nyumba yake inajaa maji, na wewe unatakiwa uchomoe vijiti ili umwokoe.

"Kwa nini hatoki nje?" aliuliza jirani.

"Hata mimi nashangaa," mama alisema. "Mlango si ule pale?"

Yule mwanamke akarudi, na maji yake, akarudi tena. Jirani akaanza kumpa pole kila akitokea. Tulicheka mpaka nikapoteza njia ya msuko, ikabidi nifumue.

Kisha jirani, kwa kutaka kujua tu, akauliza, "Huyu mzee tunayemtafutia cherehani, ulimpataje?"

Tangu Pemba nilikuwa sijamsikia mama akimtaja baba mbele ya mgeni. Tangazo la sabuni likaanza kuimba. Mama akaweka kidole gumba juu ya tundu la sauti.

"Nyamaza we," aliiambia simu, akaendelea. "Nilipelekwa kupimwa gauni la harusi ya shangazi yangu. Yeye alikuwa kijana, anajifunza kwa mjomba wake. Alinipima, nikaenda zangu. Nilipofuata gauni, limebana, halipandi. Akaniomba radhi, akanipima tena. Nikarudi, sasa linanipwaya, kama gunia. Mjomba wake akamgombeza, fundi gani huyu asiyejua kupima! Mimi nikamtazama usoni, naye anatazama chini, ndipo nikajua kwamba kupima anajua sana."

Jirani akapiga makofi. Mimi mikono ilisimama juu ya kichwa chake. Nilikuwa mtu mzima, na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

Mama hakuishia hapo. Matangazo yalipita, yeye anasimulia juu yake, kidole kiko pale pale kwenye tundu la sauti: baba alivyoshona sare za wanafunzi, alivyomfundisha kutia uzi, alivyokataa kulala bila kufunika cherehani kwa kitambaa kisafi. Aliposimulia Pemba alilia, na jirani akamshika goti.

Tangazo la mwisho lilipokwisha, kitasa kikafunguka, cherehani ikatua sebuleni. Mama akaihamishia barazani, ilipokuwa ile ya kweli. Baba wa kwenye mchezo akakaa, akashona, akainuka akiwa na shati la buluu lenye mistari.

"Mfuko wameuweka kulia," mama alisema. "Yeye aliuweka kushoto." Akatazama tena. "Haidhuru."

Matangazo hayakuisha. Baadaye walisimamisha bango kubwa mbele ya uwanja wa nyumba ile, na hilo halina cherehani ya kulitoa. Mama alisema ukuta wa duka la Mucojo nao ulipakwa rangi za kampuni ya simu, na watu waliendelea kuishi.

Siku hizi jirani huja hata kama hana nywele za kusuka. Ijumaa moja dada yangu alikuja kututembelea, akamkuta mama katikati ya hadithi ya gauni. Alisimama barazani na mkoba wake begani mpaka mama akamaliza.

"Baba alifanya hivyo makusudi?" aliuliza.

"Muulize huyo," mama alisema, akimnyooshea simu, "kama atakubali."

Dada akanitazama mimi. Nikasogea, nikampisha mkekani, naye akamwomba mama aanze tena mwanzo.