Vinyuzi vya Pamba Kichwani kwa Baba

Juzi dada alinitumia picha kutoka Bunda: jineri yetu, kile kiwanda cha kuchambua pamba, imeota majani, mbuzi wamelala getini. Niliitazama huku Mtwara mpaka chai ikapoa.

Zamani king'ora cha jineri ndicho kilichomwambia mama abandike maji ya ugali. Baba alirudi ananuka grisi na mbegu za pamba, kichwa cheupe kwa vinyuzi, na kazi ya kumtoa vinyuzi hivyo ilikuwa yangu. Kila nikisali nilimwomba Mungu amrudishe mapema.

Siku moja baba aliingia jua likiwa bado kali.

"Si mnatokaga king'ora kikilia?" mama aliuliza.

"Hakitalia tena. Wamefunga."

Mama akakaa chini. Mimi nikaruka na kupiga makofi, maana Mungu alikuwa amenisikia. Nikamkalisha baba kwenye kigoda, nikaanza kazi yangu.

"Taratibu, mama," akaniambia. "Usivimalize."

Nilidhani anapenda tu kubembelezwa. Nikavitoa vyote, nikavipulizia nje mlangoni, nikawa nacheka vinavyopaa.

Dada anauliza mbona sijaijibu ile picha.