Uso Niliouweka Juu ya Jeneza

Kiwanda cha pamba kilipobinafsishwa hapa Bariadi nikapunguzwa kazi, nikajifanya mchoraji. Mke wangu nilimchora akatoka kama mjomba wake. Hata hivyo, rafiki yangu Ngassa alipofariki kule Migato, mama yake alinipa picha pekee ya marehemu niichore kubwa, ikae juu ya jeneza.

Mvua ilikuwa imekula uso. Yalibaki koti na masikio. Nikaona aibu kusema siwezi. Nikapiga miraba ya kupimia kwenye karatasi, nikachora koti, kisha nikaketi pale msibani nikiiba sura ya mdogo wake, Masanja, kwa kuwa wote walisema wamefanana. Moyoni nikajisifu kwamba safari hii macho yamekaa sawa.

Siku ya maziko picha ikawekwa. Watu wakaitazama, wakamtazama Masanja, wakaanza kusogea mbali naye. Mwenyewe akawa anajishika shavu. Mama akainuka mkekani, akanijia taratibu. Penseli ilikuwa bado nyuma ya sikio langu.

"Huyu uliyemchora bado ninaye," akasema. "Nani amekutuma uje umchukue na yeye?"