Chewa wa Kurasini na Nyama ya Ubavu

Romani Anselmo aliandikishwa kazi ya kulisha samaki tarehe 3 Februari 1969, katika kituo kidogo cha uvuvi kule Kurasini. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa Wazungu Oysterbay. Mabwana walipofunga mizigo baada ya Uhuru, yeye alibaki Temeke na mkewe, Rosalia, na aproni mbili zilizopigwa pasi.

Kituoni alikabidhiwa birika la saruji lenye kioo upande mmoja. Ndani yake walikaa chewa wawili, kila mmoja mzito kuliko mtoto wa darasa la pili. Siku za Jumamosi wanafunzi waliletwa kuwatazama. Yule mkubwa walimwita Kabaila, kwa sababu hakufanya lolote ila kungoja kuletewa.

Na aliletewa. Wavuvi waliowavua walisema wapewe vibua. Romani hakukubali.

"Samaki ale samaki? Hizo shida za huko huko baharini," alisema. "Hapa wamefika mjini."

Akawapa nyama ya ng'ombe kutoka bucha la jirani. Ilikuwa ya ubavu, yenye mafuta, na aliikata vipande vilivyolingana, asubuhi na jioni. Hakuna aliyemkataza. Chewa walijifunza kuufuata mkono wake nyuma ya kioo. Walinenepa, wageni wakasifu, na Romani akazipokea sifa hizo kama zile za mezani Oysterbay.

Asubuhi moja ya Oktoba alimkuta Kabaila anaelea, tumbo juu.

"Ni watoto hawa," alimwambia Mahfudha Aidarus, binti aliyesimamia maabara ya kituo. "Wamemtupia sumu."

"Tumpasue tuone, mzee."

Kisu kilipoingia tumboni, kilichoonekana kwanza kilikuwa mafuta, meupe na magumu, yameuzonga utumbo pande zote. Kisha likatokea ini. Lilijaza nusu ya tumbo, na rangi yake ilikuwa ya siagi. Mahfudha aliligusa kwa kidole, likamegeka.

Romani alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Katika maisha yake alikuwa amepasua mbuzi, nguruwe, bata mzinga na kila samaki anayeletwa soko la feri, na kitu kama kile hakuwahi kukiona. Aliomba kisu, akakata kipande cha yale mafuta, akakinusa.

"Hii shahamu," alisema. "Shahamu imeingiaje kwa samaki?"

"Kwa mdomo, mzee. Ng'ombe mwili wake una joto. Huyu ni baridi kama maji anayoishi. Mafuta ya ng'ombe hana pa kuyapeleka."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Oysterbay alikuwa akipasha sahani moto kabla ya kupakua nyama, maana kwenye sahani baridi mafuta huganda kabla bwana hajashika uma. Akakaa chini, palepale kwenye maji na magamba.

"Mie nilikuwa nampa ya ubavu," alisema. "Ile nzuri."

"Najua, mzee."

"Na huyu aliyebaki?"

"Naye njia ni ileile. Ila akiacha nyama leo, huenda akapona." Mahfudha akamtajia chakula: kibua mzima na mifupa yake, kamba na maganda yao, ngisi, kaa, kwa kubadilishabadilisha. Tena siku mbili tatu tu kwa wiki.

Chewa aliyebaki alimpokea kibua, akamtema. Siku ya kamba, akawatema kamba. Alirudi pembeni akawa anautazama mkono wa Romani. Wiki ya pili ilipoanza, mgongo wake ulikuwa umeanza kuchongoka.

"Wewe ndiye wa kumshindisha mgeni na njaa?" Rosalia alimwuliza. "Wewe ambaye hata balozi wa nyumba kumi akija kukukemea humwachi atoke bila chai?"

"Anakonda, mama."

"Si ndiyo dawa yenyewe? Au na wewe unataka upasuliwe tuone?"

Romani hakucheka. Sahani yake ya mchuzi ilikuwa imepoa mbele yake, na juu kulikuwa na utando mweupe. Aliisukuma kando.

Ijumaa alipita buchani akanunua kipande cha ubavu. Alisimama kwenye ukingo wa birika, akafungua gazeti lililofungiwa nyama. Chewa alikwisha kupanda juu, kinywa wazi. Romani akaitumbukiza nyama majini akiwa ameishikilia, akayabonyeza mafuta kwa dole gumba. Yalikuwa magumu kama mshumaa. Aliushusha mkono ndani zaidi, akabonyeza tena. Chewa aliupeleka mdomo karibu kabisa na vidole.

Akautoa mkono.

Nyama ile ilipikwa Temeke siku hiyohiyo. Rosalia aliila peke yake, akiilaumu kidogo kwa ugumu. Chewa bado hajala. Mahfudha anasema samaki wa ukubwa ule anaweza kukaa wiki kadhaa, lakini hataji ngapi. Kesho, kabla ya kuingia kazini, Romani atapita feri kununua kibua mdogo. Atamtupia huyo mmoja tu. Akitemwa, atamwopoa kwa wavu na kungoja siku ya kulisha inayofuata.