Ng'ombe Aulizwe Kwanza, Uji Baadaye

Hili hutaliamini, na usipoliamini shauri yako: pale Gungu, kando ya ziwa, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka ufukweni Kagunga kila kukicha, bwana mkubwa wa serikali alimchuchumalia ng'ombe asiyekuwepo, kijiko mkononi. Genoveva mwenyewe huyu hapa anachambua dagaa; mwulize.

Genoveva alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee, tena peke yake. Mwenzake, Marcelina, alishakimbilia makambini kwa mashirika, ambako mshahara ulimnenepesha hadi viatu vikamkataa. Genoveva akabaki anafua, anaogesha, anawageuza waliolala wasipate vidonda, mgongo unalia kama bawaba kavu. Akaapa: asipopewa mwenzake, naye anafunga virago.

Lakini kilichommaliza si kufua. Ni salamu. Mzee wa Kiha halishwi na mtu ambaye hajamsalimia, na salamu yenyewe si ya kupita njiani: unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza nyumba, watoto, shamba. Akaja Mzee Leonardi kutoka Burundi, akaongeza ng'ombe. Aliwaacha wote ng'ambo, na kila asubuhi lazima waulizwe mmoja mmoja, kwa jina. Wenzake wakaona wivu. Bibi Melania akataka aulizwe mbuzi wake wa kijijini Simbo, aliyeliwa zamani kwenye msiba wa mumewe. Uji wa asubuhi ukawa unanywewa adhuhuri.

Ndipo akaja Bwana Noel, ofisa ustawi, mtu wa Moshi, tai shingoni, kuamua kama nyumba iongezewe mlezi.

"Mama, mtu mmoja anatosha," akasema. "Kulisha ni kulisha. Lete hicho kijiko."

Akampelekea Mzee Leonardi. Mdomo ukafungwa. Uji ukateremka kidevuni.

"Shikamoo mzee. Kunywa basi."

Mzee akafumba macho.

"Muulize Bihogo," Genoveva akasema, mikono kifuani.

"Bihogo ndiye nani?"

"Ng'ombe wake."

Bwana Noel akatazama mlangoni, akakohoa. "Bihogo... hajambo?"

Mzee akafumbua macho. "Ego, ndiyo, ana mimba. Lakini wewe umesimama kama nguzo ya simu! Kwenu ng'ombe anaulizwa hivyo?"

Bwana Noel akachuchumaa. Suruali ikapasuka nyuma. Akapiga makofi, akamuuliza Bihogo, akamuuliza mama yake Bihogo, na Bibi Melania kule kitandani anaita, "Baba, mbuzi wangu asisahaulike!" Jua likafika utosini, tai imelowa uji, sauti imekauka, na nusu ya wazee bado wanamngoja, kwa njaa na kwa heshima zote.

Akainuka kwa kushika ukuta. "Mama, hii kazi si ya mtu mmoja."

Basi papo hapo akapiga simu makao makuu, na kabla jua halijazama ikatia nanga meli nzima ya walezi, wanawake themanini wenye sare, tarumbeta mbele, na kila mmoja amebeba—

"Mjomba! Mwenye kazi ni mimi, na dagaa zangu hizi: alikuja mlezi mmoja, Agnesi tu, kwa baiskeli, tena masika yakiwa yameshaisha."