Anayetafuta Ufa

Uani kwetu, kijijini Tabaka, tulikuwa wanne: babu yangu Onsongo, mchonga mawe laini yaitwayo mawe ya sabuni; nyanya yangu Kwamboka; dada yangu Moraa, si Mora kama mwalimu alivyomwandika; na mimi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, Moraa wa minne.

Nyanya aliamini kwamba jiwe likishaingia uani haligongwi. "Anayetafuta ufa huuita," alisema. Babu naye hakuchonga jiwe kabla ya kuligonga kwa mgongo wa panga na kutega sikio. Walibishana hivyo tangu arusi yao, na nadhani wote wawili walifurahia.

Asubuhi moja Babu aligonga jiwe kubwa alilonunua kwa ajili ya bakuli. Halikulia kama jiwe zima, lilisema du.

"Umeuita," Nyanya akasema.

"Ulikuwa humo nilipolinunua. Nimebisha hodi tu."

"Na umejibiwa."

Babu akaukata upande wenye ufa, mwembamba kama unywele. Jiwe lililobaki halikutosha bakuli, lakini lilitosha kinyago cha kiboko. Moraa alikililia mpaka akapewa.

Miaka ishirini iliyopita binti yangu Nyaboke, ambaye ni muuguzi, aliwasihi wanawake wa ukoo wapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Alieleza kwamba huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba madhara yake hukua kwa miaka mingi bila maumivu. Ndiyo sababu mtu hupimwa akiwa mzima.

Moraa alikataa. "Siumwi popote. Shangazi yako hajachoka kuishi, Nyaboke. Anayetafuta ufa huuita."

Mimi si mtu wa kuzungumza mambo hayo na dada yangu. Nilisimama, nikakitoa kile kiboko rafuni kwake, nikakiweka mapajani pake, nikarudi kuketi.

Alikitazama hadi chai ikapoa.

"Babu alibisha hodi tu," akasema. "Haya, kesho nitabisha."

Hospitalini walikuta mabadiliko madogo, ambayo yalikuwa hayajawa saratani. Wakayatibu, naye akarudi kuuza ndizi sokoni Daraja Mbili. Tangu hapo alimwuliza kila mteja wa kike, "Umebisha hodi?" Waliocheka bila kujibu aliwanyima nyongeza.

Nyanya hakuwa mjinga. Alipenda vitu vibaki vizima, akaogopa sauti ya kumwambia vinginevyo. Nami naiogopa bado.

Moraa alifariki Jumanne iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sabini na mmoja.